Mshiriki wa Hamsini na Tisa

Watu watatu walipotea katika utafiti ule, na Daktari akashukuru kuwa ni watatu tu. Kwa wanaotafiti kifua kikuu, kupotea si kupotea njia. Aliyepotea ni mgonjwa aliyeanzishwa dawa, akaandikwa, akapewa kadi yenye nambari, halafu siku yake ya kuja kliniki ikafika asionekane, na ya pili, na ya tatu. Yeye mwenyewe anajua alipo. Wasiojua ni wenye kalamu.

Daktari alikuwa na kalamu. Alikuwa pia na mume mmoja, mtoto mmoja, mama mmoja, na mwaka wa mwisho wa kusomea magonjwa ya kuambukiza. Alichokosa ni nafasi. Taasisi ya utafiti ilikuwa imetangaza nafasi moja tu, ya miaka miwili, kwa daktari aliye masomoni. Atakayeipata angepewa maabara, mwalimu wa kumshika mkono na mshahara unaoeleweka. Atakayeikosa angerudi kukimbizana na zamu katika wodi ambayo hata glavu huombwa kwa wodi ya jirani. Waombaji walikuwa watano, usaili ulikuwa Alhamisi, na kila mmoja alitakiwa aje na utafiti wake mdogo uliokamilika, mezani, si mdomoni.

Utafiti wa Daktari ulikuwa na swali moja: kwa nini wagonjwa hukatiza dawa? Washiriki walikuwa sitini, wote wa kliniki ndogo ya pembezoni mwa mji, ambako dawa za wiki zilitolewa kila Alhamisi. Aliyekaa nao, akawahoji na kuwapa dawa, alikuwa Sista, muuguzi mtu mzima aliyebakiza miaka miwili astaafu. Daktari aliona nambari tu. Majina na makazi yalikaa kwenye daftari la Sista, ndani ya kabati lenye kufuli, ili mtafiti asije akampendelea mtu wala kumwonea. Kanuni hiyo aliitunga Daktari mwenyewe. Profesa wake aliisifu mbele ya wenzake, na tangu siku hiyo mwanamke yule aliishikilia kama mtoto anavyoshikilia kiatu kipya hata wakati wa kulala.

Jumatatu asubuhi walikaa wawili katika ofisi ndogo ya hospitali, karatasi zimetanda mezani.

"Huyu hamsini na tisa hajaja Alhamisi ya tano sasa," Sista alisema, kidole kikiwa kwenye mstari. "Wale wawili wamehama, nimehakikisha. Huyu hajahama."

"Umejuaje?"

"Mtu wa kuhama utamjua tu. Huyu mara ya mwisho alinicheka viatu vyangu, akasema tutaonana wiki ijayo."

"Simu?"

"Nimepiga mara tatu. Namba aliyoacha ni ya duka la mtu, na mwenye duka hamjui. Lakini alinielekeza kwake, nimeandika kwenye daftari. Nipe siku moja, Daktari. Nikipata pikipiki, asubuhi naenda, adhuhuri nimerudi."

Daktari alitazama kalenda ukutani. Kumtafuta, kumrudisha, kumhoji, kuingiza majibu yake na kupiga hesabu zote upya, hiyo ilikuwa kazi ya wiki nzima. Yeye alikuwa na siku tatu.

"Mwongozo wa utafiti unaturuhusu kupoteza wangapi?"

"Sita."

"Basi. Tumepoteza watatu."

"Unaturuhusu, hautuamuru," Sista alisema bila kupandisha sauti. "Na unasema kila anayepotea afuatwe nyumbani walau mara moja. Umeandika wewe. Huyu ni mama mmoja mtu mzima, ana utani..."

"Sista, tafadhali. Usiniambie habari zake. Kanuni ni kanuni."

"Hata nauli hajawahi kuichukua. Kila wiki namwekea, kila wiki anaisukuma nyuma. Ananiambia..."

"Sista!"

Muuguzi akanyamaza. Alikuwa amefanya kazi na madaktari vijana tangu wengine wao hawajazaliwa, na alijua wakati wa kusema na wakati wa kufunga mdomo, ingawa baadaye alijilaumu kwamba siku ile aliufunga mapema mno.

"Niandike nini?" aliuliza.

"Andika amepotea."

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya karakana ya majokofu. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alitengeneza majokofu kwa mbele, na kwa nyuma walikuwa na vyumba viwili, jiko na stoo. Uani yalilala majokofu mabovu yaliyong'olewa milango, na ndani ya moja lililolazwa chali, Bi Mdogo, binti yao wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa akiwalaza vifuniko vya chupa mmoja mmoja kama watoto wake.

Mama mzazi wa Daktari alikuwa ameketi kizingitini, mbali kidogo, upande unaopiga upepo, mtandio ameuzungusha hadi mdomoni. Alikuwa akikunja nguo za mtoto. Daktari alipomwona amekaa hivyo alihisi maudhi kidogo yakimchoma. Zamani mama huyu hakumtua mjukuu wake mgongoni. Sasa alimlinda kwa macho tu, tena wakiwa nje. Daktari alikwisha mwambia mumewe, "Mama kamchoka mtoto wangu," na maneno hayo aliyaamini.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Nimekonda tangu nizaliwe."

"Nani kakudanganya? Ulizaliwa na kilo nne na nusu, mkunga mwenyewe aliomba kiti." Mama alicheka kidogo, kisha akauliza kama mtu anayeuliza hali ya mvua, "Watu wako wale sitini, bado wako?"

"Walitimia zamani. Sasa wanatoroka."

Mikono ya mama ilisimama juu ya kigauni. "Wanatoroka vipi?"

"Wanaacha kuja. Mtu anapewa dawa bure, anapewa na nauli, anashindwa kufika mara moja kwa wiki! Wengine ni uvivu tu, Mama. Leo nimemfuta mmoja."

"Umemfuta?"

"Nimeandika amepotea. Yameisha."

Mama alikikunja kile kigauni, akakikunjua, akakikunja tena. "Sasa hilo halikuharibii? Kwa hao wakubwa wako wa Alhamisi?"

"Wala. Naruhusiwa kupoteza sita. Mmoja kama huyo hana atakachopunguza."

Mama alishusha pumzi ndefu, na pumzi hiyo ikaishia kwenye kikohozi alichokizamisha ndani ya mtandio, uso ameugeuzia ukutani. Kilipompita alijifuta macho. "Afadhali," alisema. "Nilikuwa nadhani mtu mmoja anaweza kukuvunjia kazi yote. Afadhali, mwanangu."

Daktari alimwinua Bi Mdogo kutoka kwenye jokofu, akambusu shingoni. "Alhamisi nitachelewa kurudi. Utakaa naye?"

"Tangu yule dada wa kazi aondoke, Alhamisi gani sikukaa naye?"

"Hii ndiyo kubwa kuliko zote."

"Nipo," mama alisema. "Wewe nenda kasome."

Jioni walikula wawili, mtoto akiwa wa tatu mapajani mwa baba yake. Mama alichukua sahani yake na kikombe chake, kile chenye uzi mwekundu kwenye mkono, akaenda kulia stooni. Alikuwa amehamia humo, huu ukiwa mwezi wa nne, ati kwa sababu ya joto, na kweli stoo ilikuwa na dirisha kubwa lisilo na kioo. Fundi alimtazama mpaka alipopotelea kizani, kisha akamwinamia mkewe.

"Mimi nimemkosea mama mkwe. Niambie tu. Ni ile siku niliyosema chai haina sukari?"

"Hujamkosea."

"Mtu hahami chumba bure. Hata kikombe kakiwekea alama, kama mpangaji! Halafu anakohoa."

"Vumbi la stoo."

"Wewe si ndiye daktari wa wanaokohoa?"

"Kutwa nzima nasikiliza vifua vya watu," Daktari alisema, na sauti yake ilikuwa kali kuliko alivyokusudia. "Nikifika nyumbani niacheni na mimi niwe mtu."

Fundi alicheka ili mambo yaishe. "Mganga hajigangi, hilo sawa. Lakini mama mkwe wangu anagangika."

"Ijumaa," alisema Daktari. "Usaili ukipita, Ijumaa nitampeleka akapigwe picha ya kifua."

Alisema kweli. Alichukua kalamu akaandika kwenye kiganja chake neno moja, *Mama*, asije akasahau. Kesho yake alinawa mikono kabla ya kuingia wodini, kwa sabuni, mara mbili, kama inavyotakiwa.

Alhamisi chumba cha usaili kilikuwa na meza ndefu, chupa za maji ambazo hakuna aliyezifungua, na watu watano. Profesa alikaa pembeni, akijifanya hamjui mwanafunzi wake. Daktari alizungumza kwa dakika ishirini. Alionyesha jedwali lake: waliokatiza dawa kwa sababu ya umbali, kwa sababu ya nauli, kwa sababu dawa ziliwachafua tumbo, kwa aibu ya majirani, na wale waliojisikia nafuu wakadhani wamepona. Sauti yake haikutetemeka. Aliona vichwa vikiinama kukubali, akajua anakwenda vizuri.

Aliyemkwamisha ni mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, mtafiti mkongwe ambaye mpaka hapo hakuwa ameuliza neno.

"Swali lako ni kwa nini watu hukatiza dawa," alisema. "Hawa uliowahoji walikatiza wakarudi. Wapo watatu hapa waliokatiza wasirudi kabisa. Mimi naona hao ndio wenye jibu lako. Mbona ndio usiowajua?"

"Wawili walihama mji."

"Na wa tatu? Huyu hamsini na tisa?"

"Tulimpigia simu mara tatu."

"Mlikwenda kwake?"

Hapo palikuwa na njia mbili, na Daktari alizijua zote. Kusema hapana kungemgharimu. Mwongozo ulikuwa mbele yao, ukurasa wa saba, mstari umepigwa chini yake kwa mkono wake mwenyewe. Simu yake, iliyozimwa sauti, ilikuwa ikitetemeka ndani ya mkoba. Akaisukuma kwa mguu.

"Tulikwenda," alisema. "Hatukumkuta."

Mama mwenye miwani aliandika kitu kifupi. "Vizuri," akasema, "maana wengi hawaendi."

Baada ya saa nzima Profesa alimfuata kwenye korido, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Barua utaipata Jumatatu," alinong'ona. "Ila mimi sijakwambia." Daktari alitaka kuruka kama mtoto. Alitoa simu ampigie mama yake, yeye kwanza kabla hata ya mume, na ndipo akaona kuwa Fundi amempigia mara tisa.

Mama alikuwa amelazwa katika wodi ambayo Daktari huipitia kila siku, kitanda cha mwisho, chini ya dirisha. Jirani mshona nguo, aliyesaidiana na Fundi kumleta, alikuwa amesimama mlangoni, na damu ilikuwa imemkaukia kwenye gauni kuanzia kifuani hadi gotini.

"Alikuwa amekaa na mtoto pale nje," jirani alisema. "Nikamsikia anakohoa, si kikohozi cha siku zote. Nilipotoka nikaona damu. Mtoto alikuwa mbali, usihofu. Alikuwa anamfukuza kwa mkono asimsogelee. Tulimwacha kwangu, na Fundi amerudi kumchukua." Akafungua kiganja. Ndani yake palikuwa na kitambaa kilichofungwa fundo. "Hiki alikikamata njia nzima. Walipomwekea sindano ndipo akakiachia."

Daktari alifungua fundo. Mlikuwa na pakiti mbili za dawa, moja imeisha na moja imefika nusu, na kadi ndogo ya buluu. Aliijua kadi ile. Alizichapisha sitini kwa fedha zake, akachagua rangi ya buluu kwa sababu haichafuki haraka. Juu yake, kwa mwandiko wa Sista, paliandikwa 59.

Aliisoma mara mbili, tatu, kama mtu anayetafuta kosa kwenye hesabu. Halafu akaketi ukingoni mwa kitanda cha mgonjwa wa jirani, mgonjwa wa watu, bila hata kuomba radhi.

Mama alifumbua macho saa kumi hivi za mchana. Damu ilikuwa imekatika. Alimtambua binti yake kwa macho yaliyokuwa juu ya barakoa.

"Umepata?" aliuliza.

"Nimepata, Mama."

"Basi." Akatabasamu, na meno yake bado yalikuwa na wekundu. "Basi, yamekwisha."

"Mama, hii kadi ni yako?"

"Si unaiona."

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku uliyokuwa unalia jikoni. Ulimwambia mumeo wamebaki wawili, na usipowapata huna utafiti. Mimi nilikuwa na homa zangu na kikohozi changu, nimenyamaza nacho." Alipumzika kidogo. "Nikasema, kumbe hiki kikohozi kina kazi."

"Ungeniambia! Mimi ni daktari wa kifua, Mama. Mimi!"

"Ningekwambia, ungeniandika? Nilimuuliza yule Sista kwa mbali, kama mtu asiyehusika. Akasema ndugu wa mtafiti hawaruhusiwi. Nikampa jina nililopewa na bibi yangu, hata wewe hulijui." Ilionekana jambo hilo bado linamfurahisha. "Na pale mtaani wananiita nani? Mama Daktari. Mama Daktari ana kifua! Wangekucheka wewe, si mimi."

"Na nauli? Kule ni mwendo wa saa nzima."

"Fedha ya kazi ya mwanangu, mimi niile? Nilitembea."

Daktari alikuwa ameishika kadi kwa mikono miwili. Lilibaki swali moja, na aliogopa kuliuliza, maana ndilo swali lake kwa watu sitini kwa miezi minane, alilolisimamia asubuhi ile mbele ya wakubwa.

"Kwa nini uliacha?"

Mama alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mtoto angekaa na nani?"

"Ungekwenda naye."

"Kwenye foleni ya watu wanaokohoa? Wewe mwenyewe si ndiye unayekataza? Sista aliniambia nikae penye upepo, nisimbebe, nilale peke yangu. Nikafanya hivyo. Wewe ukadhani nimenuna." Alikohoa, Daktari akamshika mgongo mpaka kikapita, na chini ya kiganja chake akahisi mifupa mitupu. Mama huyu alikuwa amekwisha, ndani ya nyumba yake, na yeye alikuwa ameona mtandio tu.

"Ungeniambia Alhamisi moja nisiende. Moja tu."

"Nikwambie usiende?" Mama alitikisa kichwa polepole, kama aliyeambiwa jambo la aibu. "Nilikuwa nawaza nitarudi ukimaliza. Halafu nikaogopa, nikasema, huyu asiyefika atamharibia mwanangu hesabu. Sikulala. Mpaka Jumatatu uliponiambia mmoja hana atakachopunguza. Hapo nikatulia kabisa."

Alifumba macho. Daktari alitoka hadi kwenye korido, pale panapooshwa mashuka, akalia kwa sauti, na wafagiaji waliompita walidhani amefiwa.

Ijumaa asubuhi maabara ilileta majibu. Vijidudu vilikuwa vimejifunza kuishinda dawa ile kubwa, kama vinavyofanya vikipewa dawa nusunusu. Picha ya kifua ilionyesha pafu la kushoto limeliwa, na la kulia limeanza. Daktari bingwa wa wodi aliitazama picha muda mrefu, akasema maneno ambayo Daktari mwenyewe alikwisha kuwaambia watu wengi: "Tutajitahidi." Fundi na Bi Mdogo walikuwa wamekwenda kupimwa. Mtoto alikuwa mchangamfu, hakohoi, lakini ugonjwa huu hauna haraka, na jibu lake lingengojwa.

Sista, aliyepigiwa simu na Daktari usiku, alikuja na daftari chini ya kwapa na fomu moja mkononi. Alikwenda kwanza kitandani. Mama alimnyanyulia mkono.

"Viatu ni vilevile," mama alisema.

"Nakungoja wewe uninunulie," alijibu Sista, akageuka haraka asionwe uso.

Kwenye ofisi ndogo alifungua daftari mahali pa hamsini na tisa, akamsogezea Daktari. Hapakuwa na kanuni tena ya kulinda. Maelekezo yalikuwa mistari miwili: *Nyuma ya karakana ya majokofu, uani. Ukiona mtoto anacheza ndani ya jokofu, umefika.* Siku moja na pikipiki, asubuhi kwenda, adhuhuri kurudi.

"Amepatikana, kwa hiyo fomu lazima ijazwe," alisema. "Niandike mimi?"

"Nipe."

Sababu ya kukatiza dawa. Vilikuwapo visanduku sita, amevipanga yeye, amevijadili na Profesa kwa wiki mbili. Umbali. Nauli. Madhara ya dawa. Aibu. Kujisikia nafuu. Cha mwisho kilikuwa *Nyingine, eleza*, na mbele yake mstari mfupi wa nukta, kwa kuwa hawakutarajia watu wawe na mengi ya kueleza. Daktari aliandika kwa herufi ndogo ili maneno yatoshe: *Alikuwa akimlea mtoto wa mtafiti.*

Chini yake palikuwa na swali jingine. Je, alifuatwa nyumbani kabla ya kuandikwa amepotea? Ndiyo. Hapana.

Kalamu ikasimama. Sista aliona.

"Mimi naweza kuandika kwamba nilikwenda, sikumkuta," alisema, macho yako dirishani. "Nimebakiza miaka miwili. Watanifanya nini? Wewe una mtoto. Na mama yako ameumwa kwa ajili ya nafasi hiyo, Daktari. Ukiitupa, atakuwa ameumwa bure."

Ni uongo kusema Daktari hakutamani. Alitamani. Kwa dakika nzima alikaa na kalamu juu ya *Ndiyo*, akauona mwaka ujao, maabara, meza yake, jina lake mlangoni, na mama yake akiwasimulia majirani. Kila neno la Sista lilikuwa la kweli. Lakini alimkumbuka pia yule mama mwenye miwani, alivyosema wengi hawaendi, na alivyofurahi kudhani amempata mmoja aliyekwenda. Akaweka alama kwenye *Hapana*. Akatia sahihi, na tarehe.

"Mpelekee Profesa leo," alisema. "Usingoje Jumatatu."

Sista aliikunja fomu mara mbili, akaitia mfukoni. Akaondoka nayo.

Daktari alirudi wodini. Mama alikuwa macho, amewekewa mipira ya hewa puani, na maneno yalimtoka moja moja.

"Barua Jumatatu, eh?"

"Jumatatu, Mama."

"Utavaa lile gauni la kijani."

"Nitalivaa."

Mama alifumba macho, Daktari akadhani amelala. Kisha akafumbua macho kwa wasiwasi, akajaribu kuinua kichwa. "Na mtoto je? Umemwacha na nani?"

"Yuko na baba yake."

"Fundi ana kazi za watu." Alitafuta hewa, akaipata kidogo. "Nikipata nguvu, Alhamisi nitakaa naye. Wewe usikose kwenda kwa sababu yangu."

Daktari alimfunika mabega, akaikaza barakoa yake mwenyewe usoni.

"Sawa, Mama," alisema.